Mshika Usukani wa Kukodi

Neno Kubernetes, ambalo kwa muda wa miaka kumi na zaidi limekuwa likitajwa asubuhi na jioni katika ofisi za waandishi wa programu, kutoka California mpaka Nairobi, si neno la kompyuta kwa asili yake. Ni neno la Kiyunani cha kale, na maana yake ni mshika usukani wa chombo cha baharini. Kutokana na shina hilohilo Warumi walipata neno lao la mtawala, Waingereza wakalirithi, nasi tukalipokea kwao kwa sura ya gavana. Hivyo gavana na mshika usukani ni ndugu, ijapokuwa mmoja huketi katika kiti cha enzi na mwingine husimama katika tezi ya chombo akipigwa na upepo wa kusi. Mradi wenye jina hilo ulipotangazwa na Google mwezi wa Juni 2014, waasisi wake, ambao miongoni mwao walikuwamo Joe Beda, Brendan Burns na Craig McLuckie, waliuwekea alama ya gurudumu la usukani lenye mikono saba, kwa kuwa kazi uliyokusudiwa ni kuongoza meli iliyosheheni makontena. Nami naandika makala haya kwa itikadi kwamba jambo hili, ambalo wengi hudhani ni la wataalamu peke yao, laweza kufahamika na kila mtu aliyepata kusimama bandarini akatazama meli ikipakuliwa.

Na tuanze na makontena yale ya chuma, maana pasipo hayo jina halina maana. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, shehena ya meli ilipakiwa kitu kimoja kimoja: gunia la karafuu, pipa la mafuta, robota la nguo, kasha la sahani, kila kimoja na umbo lake, uzito wake na namna yake ya kuvunjika, na makuli wakabeba mgongoni na mabegani huku meli ikilala gatini siku baada ya siku. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iliyoitwa Ideal X iliondoka bandari ya Newark, katika jimbo la New Jersey, ikaelekea Houston huku imechukua masanduku ya chuma 58. Na mwenye fikra hiyo alikuwa Malcom McLean, mtu wa North Carolina aliyejipatia mali kwa malori. Masanduku yalikuwako tangu zamani, kwa hivyo si sanduku lililokuwa jambo jipya. Jambo jipya lilikuwa kwamba winchi, lori, behewa la reli na meli, vyote vinne, visijue wala visijali kilichomo ndani. Mradi pembe za sanduku ni zilezile na vipimo ni vilevile, mchele na mashine za kushonea huinuliwa kwa mkono mmoja wa chuma.

Programu ya kompyuta nayo ni shehena yenye umbo la taabu. Haiwezi kwenda peke yake: hutaka maktaba fulani ya msimbo, ya toleo fulani wala si jingine, hutaka lugha iliyoandikwa kwayo iwe imekwisha kuwekwa katika kompyuta, hutaka mafaili yake yawe mahali ilipoyazoea. Kwa sababu hiyo ugomvi mkongwe kuliko yote katika kazi hii ni ule wa mwandishi asemaye, kwangu inakwenda, na msimamizi wa seva amjibuye, kwangu haiendi, na wote wawili wakawa wanasema kweli. Mwezi wa Machi 2013, katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python uliofanyika Santa Clara, Solomon Hykes alisimama kwa dakika chache akaonyesha chombo alichokiita Docker, na jina hilo, ambalo kwa Waingereza ni kuli wa bandarini, lilisema kazi yake. Chombo hicho kilitumia uwezo uliokuwa umekwisha kuwamo ndani ya mfumo wa uendeshaji wa kompyuta uitwao Linux, wa kuijengea programu kuta ili isione jirani zake, na wa kuipimia kiasi cha kumbukumbu na nguvu inayoruhusiwa kula; kikauweka uwezo huo mikononi mwa kila mtu. Programu pamoja na kila inachokihitaji hufungwa katika furushi moja liitwalo taswira, na taswira hiyo ikifunguliwa na kuanza kufanya kazi ndipo huitwa kontena. Kompyuta inayoipokea haiulizi imeandikwa kwa lugha gani.

Hapo ndipo palipoingia fikra ya pili, iliyokuwa ikipevuka kwa njia yake yenyewe. Aghalabu programu ya duka, ya benki au ya shirika la ndege huandikwa kama jumba moja lenye vyumba vingi chini ya paa moja, na mtu akitaka kubadili dirisha la chumba kimoja hulazimika kulisimamisha jumba zima. Agosti 2008 kampuni ya Netflix, ambayo wakati huo iliwapelekea wateja wake filamu katika diski kwa njia ya posta, ilipatwa na uharibifu wa hifadhidata yake, na kwa siku tatu haikuweza kupeleka diski. Baada ya msiba huo iliazimia kuhamia katika wingu la Amazon, yaani majumba makubwa ya seva ambazo mtu hukodi kwa saa badala ya kuzinunua; na badala ya kulihamisha jumba lake kama lilivyo, ililivunja ikalijenga upya kwa huduma ndogo zipatazo mamia, kila moja na kazi yake, zikizungumza kwa mtandao. Kazi hiyo ilikamilika Januari 2016. Katikati ya safari yao, Machi 2014, James Lewis na Martin Fowler waliandika maelezo yaliyolieneza jina la namna hiyo ya ujenzi, nami hapa nitaiita huduma ndogondogo.

Maelezo yasiyo na mfano ni kama chakula kisicho na chumvi, kwa hivyo nitautwaa mfano mmoja ulio wazi kwa kila mtu. Google imetoa bure, kwa ajili ya mafunzo, duka la kuigiza liitwalo Online Boutique, lenye huduma kumi na moja. Ya kwanza ni uso wa duka, ndio ukurasa anaouona mnunuzi, na imeandikwa kwa lugha ya Go. Ya kapu la mnunuzi imeandikwa kwa C#, ya matangazo kwa Java, ya mapendekezo na ya barua pepe kwa Python. Iko ya orodha ya bidhaa, ya kukadiria gharama ya usafirishaji, ya malipo, na ya kukamilisha ununuzi, ambayo kazi yake ni kuzizungukia nyenzake na kukusanya majibu yao. Huduma ya fedha, ambayo hugeuza dola kuwa yuro au yeni kwa viwango vya Benki Kuu ya Ulaya, ndiyo inayoulizwa mara nyingi kuliko zote, maana kila bei inayoonekana katika kila ukurasa hupita kwake kwanza. Na ya kumi na moja haimhudumii mtu: ni wateja wa bandia, ambao huingia dukani mchana na usiku, hutazama bidhaa, hujaza makapu na kulipa kwa kadi zisizo za kweli, ili duka lionekane jinsi linavyohimili umati.

Kumi na moja si idadi ya kuogofya. Lakini mtu na azingatie kwamba kila moja yaweza kuhitaji nakala tatu au kumi umati unapozidi, na kwamba nakala hizo zimetawanyika katika kompyuta kadhaa, na kwamba kompyuta huharibika, na programu hufa kwa kukosa kumbukumbu, na toleo jipya hutoka Jumanne ilhali la zamani lingali lina wateja. Nani atakayejua kontena lipi liwekwe katika kompyuta ipi, na lililokufa saa tisa za usiku lifufuliwe na nani? Google ilikuwa imekwisha kujibu swali hilo kwa matumizi yake yenyewe, kwa mfumo wa ndani ulioitwa Borg, na mwaka 2014 ilieleza hadharani kwamba ilikuwa ikianzisha makontena zaidi ya bilioni mbili kila wiki. Kubernetes ni jibu hilohilo, lililoandikwa upya na kutolewa kwa watu wote.

Kundi la kompyuta zinazoongozwa namna hii mafundi huliita klasta, na ndani yake mna upande wa usukani na upande wa shehena. Upande wa usukani una mlango mmoja wa kupokelea maombi. Una mpangaji, ambaye huchagua kila kontena likae wapi kwa kutazama nafasi iliyobaki. Na una daftari liitwalo etcd, ambalo hunakiliwa katika kompyuta tatu au tano, na neno halikubaliwi kuandikwa humo mpaka walio wengi waafikiane, ndiyo sababu hesabu yao hufanywa kuwa witiri. Kisha wako waangalizi, na hao, kwa maoni yangu, ndio moyo wa jambo zima. Mwenye programu haandiki amri za kufanya hiki kisha kile. Huandika hati inayoeleza hali anayotaka iwe, kwa mfano kwamba huduma ya kapu iwe na nakala tatu, za taswira fulani, zisizozidi kiasi fulani cha kumbukumbu. Mwangalizi husoma katika daftari hali iliyotakiwa, hutazama hali iliyopo, huondoa tofauti iliyo baina ya hizo mbili, kisha huanza tena, wala hana siku ya mapumziko. Ni sawa na mshika usukani aliyeambiwa aelekee nyota fulani: hakuambiwa wimbi gani litamsukuma upande gani, wala hahitaji kuambiwa, maadamu anaiona nyota na anahisi chombo kinavyopotoka.

Upande huo wa usukani ni mzito kuutunza, na wengi waliojaribu kuujenga kwa mikono yao walikesha wakiwaza juu ya daftari lile na nakala zake. Ndipo wenye mawingu wakaanza kuukodisha. Google ilikuwa ya kwanza kati ya zile tatu kubwa, mwaka 2015. Amazon na Microsoft zikafungua milango ya huduma zao mwezi mmoja, Juni 2018. Kwa Amazon, usukani peke yake wa toleo lililo katika muda wake wa kawaida hutozwa senti 10 za dola kwa saa, yaani dola 72 kwa mwezi wa siku 30, kabla mtu hajakodi hata kompyuta moja ya kubebea shehena. Kwa malipo hayo mkodishaji hulinda daftari, huziba nyufa za usalama za upande wake, na huhakikisha mlango wa maombi uko wazi. Lakini mpaka wa dhima yake ni huo. Programu zilizomo ndani ya makontena, siri na vibali vyake, mali ya wateja iliyohifadhiwa, na hata uamuzi wa lini klasta ihamie toleo jipya, ni juu ya aliyekodi, na uamuzi huo wa mwisho haungoji sana, kwani matoleo mapya hutoka matatu hivi kwa mwaka na kila moja hutunzwa na wasimamizi wa mradi kwa muda wa miezi 14 tu, ama zaidi kidogo.

Nilitaka kuyaona haya kwa macho. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ni mhandisi wa programu na ambaye marehemu babu yake alikuwa serahangi wa majahazi, alikuja nyumbani baada ya sala ya isha akiwa na kompyuta yake ya mapajani. Aliniamkia, nikamwitikia, akakaa; na kabla ya kahawa kupoa alikuwa amekwisha kuagiza klasta ya kompyuta tatu zilizoko Johannesburg. Tulingoja dakika chache. Kisha akaituma ile hati ya duka, yenye maelezo ya huduma zote kumi na moja, kwa amri ya mstari mmoja, na kwenye kioo ikatokea orodha ya podi, ambalo ni jina la kiota ambamo kontena hukaa. Mbele ya kila podi palikuwa na neno la hali yake: inangoja, kontena linaundwa, kisha, moja baada ya moja kama taa za boti zinazowashwa magharibi, inakwenda. Ile ya matangazo, iliyoandikwa kwa Java, ilikuwa ya mwisho kuamka. Mwishowe ikatokea anwani ya nje, yule kijana akaifungua katika simu yangu, na duka lilikuwa pale: miwani ya jua, saa ya mkono, mashine ya kukaushia nywele, kikombe. Nikatia katika kapu saa moja na vikombe viwili.

“Sasa, babu,” akaniambia, “ifute ile podi ya kapu uone.”

Nilisita, maana si desturi yangu kuharibu kitu kilichojengwa mbele yangu sasa hivi, lakini nikaifuta. Kwa sekunde kadhaa ukurasa ulikataa, ukasema kuna kosa. Katika orodha podi ile ilikuwa inaondoka, na chini yake ilikuwa imekwisha kuzaliwa nyingine yenye herufi tofauti mwishoni mwa jina. Mwangalizi alikuwa ameona kwamba imeandikwa moja na iliyopo ni sufuri, akaiondoa tofauti. Duka likarudi, na saa yangu na vikombe vyangu vilikuwa kapuni. Kijana akabadili tarakimu moja katika hati, mahali palipoandikwa 1 akaandika 3, nikaifuta tena podi mojawapo, na safari hii mimi mnunuzi sikuhisi kitu. Nilifurahi kwa furaha ambayo sikuitazamia. Nimeishi na mashine nyingi katika umri wangu, na zote zilipokufa zilingoja fundi.

Lakini kijana hakutaka nidanganyike. Vitu vya kapuni, alinieleza, havikai katika huduma ya kapu. Vinakaa katika ghala jingine la kumbukumbu liitwalo Redis, nalo ni podi kama hizo nyingine. Akaniambia niifute hiyo pia. Ikafa, ikazaliwa upya upesi, orodha nzima ikasema inakwenda, inakwenda, inakwenda; nikafungua kapu, na kapu lilikuwa tupu. Katika duka hilo la kuigiza ghala hilo limeandikwa kwa makusudi lihifadhi vitu vyake ndani ya podi yenyewe, ili mafunzo yawe mepesi, na podi ikifa hufa navyo. Mshika usukani alikuwa ametimiza kila neno la hati. Hakuna mahali katika hati palipoandikwa kwamba saa ya mzee huyu isipotee, kwa hivyo hakuwa na la kurejesha. Anayetaka kumbukumbu idumu hana budi aandike hivyo, akaiunganishe na diski inayokaa nje ya podi, au aikabidhi hifadhidata inayosimamiwa mahali pengine, na afanye nakala, na aijaribu nakala hiyo siku ya amani kabla ya siku ya balaa. Nililikumbuka tukio hili zaidi ya yote niliyoyaona usiku ule.

Lililofuata lilitokea kwa bahati. Kijana alitaka kunionyesha namna toleo jipya linavyoingizwa, akaandika jina la taswira mpya ya uso wa duka na akakosea herufi moja. Klasta ikaenda kuitafuta taswira hiyo katika bohari ambamo taswira huwekwa, isiione. Ikajaribu tena, ikangoja, ikajaribu, kila mara ikiongeza muda wa kungoja. Wakati wote huo duka lilikuwa wazi. Sababu yake ni kanuni ya kubadilishana zamu, kwamba mzee, yaani toleo la zamani, hapumzishwi mpaka kijana, yaani toleo jipya, aonekane amesimama na yu tayari kupokea wateja, na kwa kuwa kijana hakutokea, mzee aliendelea kuhudumia. Amri moja ya kurudi nyuma ikalifuta kosa. Nauliza ni ofisi ngapi ambamo mabadiliko ya mfumo hufanywa saa nane za usiku, kwa hofu na dua, na wateja wakaamka asubuhi wamefungiwa mlango, kwa kukosa kanuni hii moja.

Baada ya sifa hizi ni wajibu wangu kusema upande wa pili, kwa kuwa nimewaona vijana wakilivunja jumba dogo lililokuwa zima ili wawe na huduma ndogondogo, kwa sababu tu Netflix ilifanya hivyo. Jumba likivunjwa, ugumu wake hauishi. Hutoka vyumbani ukahamia njiani, katika maneno yanayopelekwa na huduma moja kwa nyingine kwa mtandao. Tuseme kila huduma ni aminifu kiasi cha asilimia 99.9, yaani kwa mwezi mzima husimama dakika 43 tu. Ombi la mnunuzi likilazimika kupita katika huduma kumi za namna hiyo, moja baada ya moja, na kila moja ikawa na wakati wake wa kuugua usiolingana na wa mwenziwe, uaminifu wa njia nzima hushuka mpaka kama asilimia 99, na zile dakika 43 huwa zaidi ya saa saba. Hesabu hii haibadilishwi na mshika usukani yeyote, wa kukodi au wa kuzaliwa naye. Mwaka 2023 wahandisi wa kitengo kimoja cha Prime Video cha Amazon, wenyewe wenye wingu, walieleza kwamba chombo chao cha kukagua ubora wa picha, kilichokuwa kimegawanywa vipande vipande, walikirudisha kuwa programu moja, na gharama ikapungua kwa asilimia 90. Martin Fowler naye, aliyesaidia kulieneza jina la huduma ndogondogo, alishauri mwaka 2015 kwamba mradi mpya uanze kama jumba moja, ukagawanywe baadaye haja ikidhihiri.

Na palipo na haja, ustadi wote uko katika kuamua huduma ipi ikifa wengine waendelee. Duka lile la mafunzo linalo somo zuri la jambo hili, ijapokuwa ni la kuigiza. Tulipoipunguza huduma ya matangazo mpaka nakala sufuri, ukurasa ulifunguka kama kawaida, ila mahali pa tangazo palikuwa patupu; aliyeuandika uso wa duka ameupa sehemu ya kumi ya sekunde ya kulingoja tangazo, na lisipokuja aendelee na safari. Tulipoipunguza huduma ya fedha, duka zima lilianguka, kwani bei isiyojulikana haiwezi kuonyeshwa. Tofauti hiyo haikuletwa na Kubernetes. Iliandikwa na mtu aliyekaa akafikiri mnunuzi aweza kukosa nini asikasirike.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watu wa pwani hii hawana budi kulitia maanani. Klasta tuliyokodi ilikuwa Johannesburg, mahali ambapo Google ilifungua majumba yake ya seva mwaka 2024. Amazon ilikuwa imefungua Cape Town mwaka 2020, na Microsoft ilitangulia Afrika Kusini mwaka 2019. Ni karibu kuliko Ulaya, lakini njia ya kuifikia hupita chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Msumbiji na kwingineko. Mtu ambaye programu yake ilikuwa ng'ambo ya mkato ule angeweza kuuliza hali ya klasta yake na kujibiwa kwamba kila podi inakwenda, ilhali wateja wake wa Kariakoo wanagonga mlango wasiufikie. Afya inayoonekana kutoka ndani ya chombo si habari ya njia. Anayejenga huduma ya watu wa Dar es Salaam au Mombasa ampime mteja kutoka alipo mteja, si kutoka alipo mshika usukani, na apange mapema ni kazi gani ziweze kuendelea hapahapa bandari ya mbali ikifungwa.

Ilikuwa yapata saa sita za usiku kijana aliponikumbusha kwamba kila saa inayopita ina gharama yake. “Tuifunge, babu, isitutoze mpaka alfajiri.” Alinifundisha kwamba kuifuta klasta hakutoshi, kwamba yapasa kutazama pia anwani za nje na diski, ambazo huweza kubaki nyuma na kuendelea kuandikiwa deni pasipo kufanya kazi yoyote. Aliniachia mimi niandike amri ya mwisho. Katika kioo cha kompyuta yake wateja wa bandia walikuwa wangali wakiingia na kutoka dukani, wakinunua vikombe na miwani kwa kadi zisizo na fedha, kila mmoja akijibiwa kwamba mzigo wake uko njiani. Nikabonyeza. Mistari ilizidi kushuka kwa muda, ikapungua, ikakatika katikati ya ununuzi wa mtu; na anwani niliyokuwa nimeifungua katika simu yangu, nilipoigusa tena, haikujibu.